Akiba inayosimamiwa na msambazaji: maana yake kwenye viwanda vya magari

Gari moja, ukihesabu hadi skrubu ya mwisho, lina vipande kama 30,000. Hiyo ni hesabu ya Toyota wenyewe. Vingi kati ya hivyo kiwanda kinachounganisha gari hakivitengenezi. Viti huletwa na kampuni moja, taa na nyingine, nyaya na nyingine. Kwa kawaida afisa ununuzi ndiye anayechungulia stoo, akiona mzigo unapungua anaandika oda, kisha anasubiri. Akiba inayosimamiwa na msambazaji ni utaratibu unaoiondoa oda hiyo. Msambazaji ndiye anayefuatilia kilichobaki kwenye stoo ya mteja wake, na ndiye anayeamua alete nini, kiasi gani na lini.

Haamui anavyojisikia. Pande mbili hukubaliana kiwango cha chini na cha juu. Tuseme kiwanda kinatumia bawaba 400 za milango kwa siku, na wamepatana zisipungue 800 wala zisizidi 2,000. Kila siku kiwanda kinampa msambazaji takwimu za matumizi, pamoja na mpango wa uzalishaji wa wiki zijazo. Akileta 300 leo au 900 keshokutwa ni juu yake, alimradi hajatoka nje ya mipaka. Takwimu zikichelewa, anabaki anabahatisha.

Utaratibu huu huonekana vizuri zaidi kwenye bolti na nati. Bei yake ni ndogo, lakini zikikosekana laini nzima ya kuunganisha magari inasimama. Kampuni kama Bossard ya Uswisi huweka masanduku ya bolti juu ya mizani. Uzito wa bolti moja unajulikana, kwa hiyo fundi akichota kumi, mizani inasoma uzito mpya na hesabu inamfikia msambazaji kwa intaneti. Hakuna aliyehesabu wala aliyepiga simu. Pasipo mizani hutumika masanduku mawili: la mbele likiisha, la nyuma linavutwa, na lile tupu ndilo ishara kwamba mzigo uletwe.

Hapa wengi huchanganya kusimamia na kumiliki. Mara nyingi vipande vilivyo kwenye stoo ya kiwanda bado ni mali ya msambazaji, na deni huanza kuhesabiwa pale kipande kinapochukuliwa kwenda kwenye laini. Wafanyabiashara wetu wanalijua jambo hili: ni mali kauli. Ila mwenye duka anayechukua mali kauli bado huamua mwenyewe achukue katoni ngapi. Kwenye utaratibu huu uamuzi huo umeshahamia kwa anayeleta, hata pale ambapo mzigo umelipiwa.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba msambazaji anaona matumizi yenyewe. Oda hupotosha. Afisa mwenye hofu huagiza kupita kiasi, kisha hukaa wiki mbili bila kuagiza kitu. Kule kwa msambazaji wafanyakazi wanakimbizwa usiku na mchana, halafu mashine zinalala.

Wanaousifia utaratibu huu huipita haraka mno habari ya mzigo wa fedha. Hela iliyokuwa imelala kwenye stoo bado imelala, ila sasa ni ya msambazaji, ambaye mara nyingi ni mdogo kuliko kampuni ya magari na hukopa kwa riba ya juu zaidi. Na modeli ikibadilishwa ghafla, bawaba 2,000 zilizobaki ni hasara ya nani? Hilo huandikwa kwenye mkataba kabla ya sanduku la kwanza kuletwa.

Toyota walilikabili swali la nani alipe kwenye mpango wa jirani na huu. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 kuvuruga viwanda vya chipu za kielektroniki Japani, kikiwemo cha Renesas kilichopo Naka, waliwataka wasambazaji wao waweke akiba ya chipu za miezi miwili hadi sita. Gharama walishirikiana: kila mwaka Toyota huwabana wasambazaji wapunguze bei, na sehemu ya punguzo hilo iliwarudia walioweka akiba. Mwanzoni mwa 2021, washindani walipokuwa wakisimamisha laini kwa kukosa chipu, Toyota waliendelea kuunganisha magari. Ilipofika Agosti akiba haikutosha tena, wakatangaza kwamba uzalishaji wa Septemba duniani kote utapungua kwa asilimia 40 kuliko walivyopanga awali.