Doa Jeusi Kwenye Picha Halitokani na Mwanga Kuvuja

Nimeletewa tena negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa, ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa) ya inchi 4 kwa 5 yenye madoa, pamoja na picha yake na hukumu iliyokwisha kutolewa: mvukuto wa kamera, yaani ule mfuko wenye mikunjo ulio kati ya lenzi na filamu, umetoboka, mwanga umevuja. Mvukuto wenyewe ulikuwa umekwisha kuzungushiwa utepe mweusi pande zote. Madoa yalikuwa meusi kwenye picha, na jambo hilo peke yake lilitosha kuuondolea mvukuto lawama. Mwanga unaovuja huongeza weusi kwenye negativu, na pale negativu ilipo nyeusi karatasi ya picha hubaki nyeupe. Doa jeusi kwenye picha lina maana kwamba negativu pale iko wazi, yaani kuna kitu kilichozuia mwanga, au kilichozuia dawa ya kusafishia, kuifikia filamu.

Ukiona weusi usiotakiwa kwenye negativu yenyewe, hapo fikiria kuvuja, lakini uanze kwa kutazama ukingo mwembamba wa filamu unaofunikwa na reli za kasha, yaani kibebeo cha filamu kinachochomekwa kwenye kamera. Kwa kawaida, ukingo ukiwa safi, mwanga uliingia filamu ikiwa ndani ya kasha au kamera. Ukiwa umeungua nao, tafuta kosa kwenye boksi, wakati wa kupakia au wakati wa kusafisha filamu.

Tukirudi kwenye madoa ya wazi, hapa Dodoma wa kwanza kushukiwa ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hakuna, upepo ni mwingi, na hewa ni kavu kiasi kwamba kifuniko cha kasha kikivutwa kwa haraka huzaa umeme tuli, nao huvuta vumbi juu ya filamu kabla hujafyatua. Vumbi huacha alama yenye umbo la uzi au la punje iliyopinda, ilhali kiputo cha hewa kilichong'ang'ania filamu ndani ya dawa huacha duara. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa, na kwa madoa makubwa ni kweli. Kwa yale ya ukubwa wa ncha ya sindano, hutazama kwa lenzi ya kukuzia na mara nyingi nashindwa kuamua. Ndiyo maana nasisitiza kubadili jambo moja tu kwa wakati. Pangusa makasha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yaache yakauke mahali pasipo upepo, kisha piga na usafishe filamu kama ulivyozoea. Madoa yakibaki vilevile, sasa itumbukize filamu kwanza kwenye maji matupu, na ugonge tangi mara tu unapomimina dawa. Anayebadili yote mawili kwa siku moja hupata negativu safi asijue kilichomponya, na tatizo likirejea huanza upya.

Chokaa ya maji ya visima ni jambo jepesi: huonekana juu ya uso ukiinamisha negativu kwenye mwanga, na huzuilika kwa kusuuza mara ya mwisho kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi.