Kuprogramu ufunguo wa gari: ni nani anayeandikwa?

Jirani yangu kanunua Toyota Harrier ya mkono wa pili. Alikabidhiwa ufunguo mmoja tu. Muuzaji alimwambia wa pili ulipotea zamani. Juzi akaenda kutengeneza mwingine, akarudi na furaha: "Funguo imeshaprogramiwa. Sasa hata aliyeokota ile ya zamani haimsaidii kitu." Kauli hii nimeisikia gerejini, nimeisikia kwa madalali wa magari, na sasa nimeisikia mlangoni kwangu. Ina kosa linaloweza kumfanya mtu alale akidhani amejifungia, kumbe ameacha mlango wazi.

Maana yenyewe ni fupi. Kuprogramu ufunguo ni kuitambulisha chipu ya ufunguo kwa kompyuta ya gari ili injini ikubali kuwaka. Chipu hiyo ni kidude kidogo kilichofichwa kwenye kichwa cha plastiki cha ufunguo, na haina betri. Ukichomeka ufunguo, koili iliyozunguka swichi huipa nguvu kidogo kwa mawimbi, nayo hujibu kwa kujitaja. Kompyuta ikimtambua aliyejitaja, gari linawaka. Isipomtambua, starta itazunguka bure, au injini itashika sekunde moja na kuzima, huku taa ya ufunguo ikiwaka au kumetameta kwenye dashibodi. Mfumo wote huo ndio mafundi wanauita imobilaiza. Ulaya iliufanya kuwa wa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Magari mengi ya bei nafuu yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwemo Vitz na Probox nyingi zilizotufikia, hayana chipu kabisa.

Kwa magari hayo yasiyo na chipu, kuchonga kunatosha. Kuchonga ni kazi ya chuma: fundi anakata meno ya ufunguo mpya yafanane na ya zamani, kama vile mtu anavyochonga mpini au mtumbwi. Ufunguo uliochongwa vizuri utafungua mlango na kuzungusha swichi ya gari lolote ambalo kufuli zake zinakubali meno hayo, lakini kwenye gari la chipu hauwashi kitu. Rimoti nayo ni jambo la tatu: vile vitufe vya kufunga na kufungua milango vinatumia betri, na betri ikifa gari bado linawaka kwa sababu chipu haiitegemei. Hapo watu wengi wanaelewa wakieleweshwa mara moja, na sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu uko kwenye neno "kuprogramu" lenyewe.

Programu limetufikia kupitia Kiingereza, lakini shina lake ni Kigiriki: pro, mbele, na graphein, kuandika. Kwa Wagiriki programma lilikuwa tangazo, maandishi yaliyowekwa mbele ya watu wayasome. Kwa hiyo kila anaposema "nimeprogramu" mtu anasema kuna kitu kimeandikwa mahali. Swali ambalo hatuulizi ni: mahali gani? Tukisema "kuprogramu funguo" sikio linapokea kwamba maandishi yako kwenye ufunguo, kana kwamba ufunguo ndio uliofundishwa gari lake. Kwenye magari mengi mambo ni kinyume. Chipu nyingi hutoka kiwandani na namba yake tayari. Anayeandikiwa ni gari. Kompyuta ina orodha ya funguo inazozikubali, na fundi anaongeza jina jipya kwenye orodha hiyo.

Ndiyo maana napenda zaidi neno tulilo nalo siku nyingi: kusajili. Limetoka kwenye Kiarabu sijill, daftari la kumbukumbu, na wanazuoni wengi hulirudisha nyuma zaidi hadi Kilatini sigillum, muhuri. Ukisema "ufunguo umesajiliwa" huhitaji kueleza zaidi. Msikilizaji anaelewa kwamba kuna daftari, kwamba daftari liko kwa mwenye mamlaka ya kuruhusu, na kwamba kuingiza jina jipya hakufuti majina yaliyotangulia. Shule ikimsajili mtoto mmoja haiwafukuzi wengine.

Hapo ndipo Harrier ya jirani yangu inaponitia wasiwasi. Ufunguo uliopotea bado umo kwenye daftari la gari. Aliyeuokota, au aliyeuficha akasema umepotea, akiufikia mlango ataingia, atawasha na kuondoka. Ufunguo mpya haukupunguza haki ya ule wa zamani hata chembe. Kinachoipunguza ni kufuta, na kufuta ni kazi nyingine: fundi anaunganisha mashine ya dayagnosi, ile inayosoma kompyuta ya gari, anaondoa funguo zote zisizokuwepo, kisha anabakisha au kusajili upya zile tu zilizo mkononi mwa mmiliki. Kwa mnunuzi wa gari la mkono wa pili, kufuta ni muhimu kuliko kuongeza. Na hata baada ya kufuta, meno ya ule wa zamani bado yanafungua mlango, kwa sababu chuma hakina daftari. Atakayeingia atakuta tu injini inamkatalia.

Kuna na tendo lingine linalobebwa na jina lilelile, nalo linachanganya zaidi: kukopi chipu. Fundi anasoma utambulisho wa chipu uliyonayo, anauandika kwenye chipu tupu. Hapa kweli ufunguo ndio umeandikwa, na gari halijui lolote. Kwake funguo mbili ni mtu mmoja. Zikitenganishwa, moja ikapotelea sokoni, huwezi kuifuta ukaiacha nyingine, maana jina ni moja. Kopi ni rahisi na ya haraka, na siwalaumu wanaoichagua. Ninachotaka ni mteja aambiwe kwamba amepewa kopi, asiuziwe kwa jina la usajili.

Usajili wenyewe una heshima yake. Toyota kadhaa za zamani zilikuja na funguo za aina mbili: wenye kichwa cheusi, ulio mkuu, na wa kijivu. Ule mweusi unaweza kumdhamini mgeni akaingizwa kwenye daftari. Wa kijivu unaendesha gari tu, hauna sauti. Zote zikipotea hakuna tena mdhamini, na fundi inabidi alisafishe daftari lote. Kwenye Toyota kadhaa mashine hungojewa dakika 16 ndipo gari likubali kuanza upya, na nyingine hulazimu kontroli boksi, yaani kompyuta yenyewe, ifunguliwe na kumbukumbu yake iandikwe upya mezani. Fundi makini hatagusa kazi hiyo kabla ya kuona kadi ya gari na kitambulisho chako. Asipoviomba, jiulize ni nani mwingine aliyehudumiwa bila kuombwa.

Nilimwambia jirani asirudi kumuuliza fundi kama ufunguo umeprogramiwa, kwa maana jibu litakuwa ndiyo, na litakuwa kweli. Amuombe aunganishe mashine, kisha aulize: "Gari hili limesajili funguo ngapi?" Yeye anazo mbili mkononi. Mashine ikisema tatu, ufutaji haujafanyika.