Jeni zilizoijenga seli ya dopamini haziondoki

Ukiupasua ubongo wa kati wa mtu mzima utaona milia miwili myeusi, mmoja kila upande, bila hata darubini. Weusi huo ni niuromelanini, rangi inayojikusanya miaka nenda miaka rudi ndani ya seli za neva zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe. Kwa mtu aliyefariki akiwa na ugonjwa wa Parkinson, milia hiyo imefifia, pengine imetoweka kabisa. Nimeiona mara nyingi, na bado hunihuzunisha. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, ilhali hizi za ubongo wa kati hazifiki hata milioni 1. Zikipungua, mtu hushindwa kutembea sawasawa.

Nilifundishwa kwamba jeni za kiinitete hujenga seli kisha hunyamaza, na nyingine hushika zamu ya ulinzi. Kwa seli za dopamini mambo hayako hivyo.

Seli hizi huzaliwa kwenye sakafu ya mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Protini ya SHH hutoka upande wa chini. FGF8 hutoka mpakani mwa ubongo wa kati na ubongo wa nyuma. WNT1 hutoka karibu na mpaka huohuo na kandokando ya sakafu yenyewe. Ishara hizo zinapokutana kwa kipimo kinachofaa, seli changa huwasha jeni za FOXA2, LMX1A na LMX1B. Zikiacha kugawanyika, huwasha NURR1, na hapo ndipo zinapopata ufundi wake: kimeng'enya cha TH kinachoanza kuigeuza tairosini kuwa dopamini, na protini za kuihifadhi na kuirejesha ndani. Mwaka 1997 ilionekana kwamba panya wasio na Nurr1 hawapati seli hizi kabisa, nao hufa punde baada ya kuzaliwa.

Jaribio lililonibadilisha mawazo ni jingine: seli iachwe ikomae, ndipo Nurr1 izimwe. Haifi papo hapo. Dopamini hupungua, matawi yake huharibika, na jeni zinazohudumia mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hulegea. Panya mwenye nakala moja tu ya En1, jeni nyingine ya ujenzi wa seli hizi, badala ya mbili naye huzaliwa na seli zake zote, kisha huzipoteza ukubwani kidogo kidogo, zile za substansia nigra, yaani ile milia myeusi, zikitangulia.

Kwa nini zitangulie hizo? Mimi naona jibu kubwa liko kwenye mzigo. Aksoni, yaani uzi wa kupeleka ujumbe, ya seli moja ya aina hii ina matawi mengi mno. Kwa binadamu inakadiriwa kubeba vituo zaidi ya milioni 1 vya kutolea dopamini. Juu ya hapo, seli hupiga mapigo yake bila kupumzika, na kila pigo huingiza kalsiamu ambayo lazima itolewe kwa nishati. Mitokondria ikitetereka kidogo tu, seli hii ndiyo ya kwanza kuumia.

Ndiyo maana sishangai kwamba PINK1 na Parkin, jeni mbili ambazo zikiharibika huleta Parkinson ya mapema, hushirikiana kuondoa mitokondria mbovu. SNCA, jeni nyingine ya Parkinson, yafundisha jambo tofauti: hata isipokuwa na kasoro, wingi wake pekee unatosha kudhuru. Katika familia ambazo jeni hiyo imejirudia, wenye nakala 4 huugua mapema kuliko wenye 3. (Wagonjwa wengi, hata hivyo, hawana jeni moja ya kulaumiwa.)

Leo tunazikuza seli za dopamini kutoka seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, kwa kuzipitisha njia ileile ya sakafu, kwa SHH na WNT, ili zipandikizwe kwa wagonjwa. Wengi huuliza kwanza kama zinatoa dopamini. Mimi hutazama kwanza kama, miezi kadhaa baadaye, FOXA2 na NURR1 bado zinawaka.