Je, Wajua? Maji ya Darajani Yalikwenda Wapi?

Anayeshuka daladala Darajani, penye soko kuu la mji wa Zanzibar, kwa mara ya kwanza hupokewa na kelele za makonda, harufu ya pweza na marundo ya embe. Maji ya kuhitaji daraja hayaoni. Akiuliza, mara nyingi huambiwa kwamba palikuwa na mfereji, uliochimbwa na masultani au Waingereza ili kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili.

Hapakuchimbwa kitu. Pale palikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingilia Funguni, karibu na Malindi, ukapita nyuma ya mji kuelekea kusini hadi jirani na Mnazi Mmoja. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado huiita Creek Road, inafuata ukingo wake. Ndiyo maana ni pana na haijikunji sana, ilhali hatua chache tu magharibi yake, katika vichochoro vya Mkunazini, baiskeli mbili hazipishani bila kuombana radhi.

Hadithi ya mfereji inapendwa kwa sababu inarahisisha mambo: mawe huku, udongo kule, na mtu mmoja wa kulaumiwa katikati. Lakini mwanzoni mwa karne ya 19 vibanda vya udongo na makuti vilikuwamo hata ndani ya Mji Mkongwe, na baadaye nyumba za mawe zilijengwa Ng'ambo pia. Kadiri majumba ya matajiri yalivyoongezeka, wanyonge walisogea wakavuka maji. Waingereza, waliotawala kuanzia 1890, waliukuta mgawanyiko huo, wakaukazia kwenye mipango yao ya mji. Maji yalikuwa ya Mungu; matumizi yake ndiyo ya watu.

Hata usemi kwamba Mji Mkongwe ulikuwa kisiwa unataka tahadhari. Upande wa kusini palikuwa na shingo nyembamba ya nchi kavu iliyouunganisha na Unguja yote. Rasi ndilo jina lake la haki, ingawa bahari ikijaa sana shingo hiyo ilikuwa nyembamba kweli.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Hori hii ilikuwa na mlango mmoja tu, kama chumba cha jiko la kuni kilicho na mlango lakini hakina dirisha. Upepo mkali ukivuma, moshi hutoka mpaka ule wa pembeni. Upepo ukiwa dhaifu, hutoka wa mlangoni tu, na wa ndani unazunguka palepale ukimliza mpishi. Upepo wa hori ulikuwa bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, kwa hiyo maji mapya yalisukumwa hadi ndani kabisa. Ikifika zamu ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yaliingia kidogo na kurudi, na uchafu uliokuwa mwishoni mwa hori ukasubiri bamvua lijalo.

Na hapa pana kioja. Unguja, bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Si sadfa: siku hizo jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, hivyo saa za kujaa na kupwa hurudi zilezile kila nusu mwezi. Maana yake ni kwamba siku za kusafishwa vizuri zaidi ndizo zilizoanika tope pana zaidi, tena jua likianza kuchoma. Hori ilioga na kunuka siku zilezile. David Livingstone, aliyepita Unguja mwaka 1866, alilalamikia sana uvundo wa mji, ingawa alikuwa akisema juu ya ufuo wote uliotupwa taka na si hori peke yake.

Juu ya hori hiyo lilikuwapo daraja, na soko kubwa lilipofunguliwa 1904 lilikaa ukingoni mwa maji. Kisha hori ikafukiwa kipande kwa kipande wakati wa Waingereza. Upande wa kusini ukawa uwanja wa michezo wa Mnazi Mmoja. Uvundo wa tope ukaisha, na siku hizi kuvuka kutoka Mkunazini kwenda kutazama vitenge Mchangani kunadai tu macho ya kukwepa bodaboda.

Mvua, hata hivyo, haikupewa taarifa ya ufukiaji. Maji ya masika yaliyokuwa yakiteremka kutoka Ng'ambo na kumwagikia horini bado yanateremka, na bonde lililojazwa kifusi bado ni bonde. Kazi iliyokuwa ya hori sasa inafanywa na mitaro, na mtaro uliojaa chupa za plastiki hausubiri bamvua la kuusafisha.