Kulia wakati wa Majilio si kukosa imani

Desemba ikiingia, Kariakoo hapapitiki kwa wanunuzi wa nguo za sikukuu. Na makanisani hapa Dar es Salaam utasikia mfiwa, au aliyeachishwa kazi, akiambiwa: "Usilie, mama. Ukihuzunika wakati huu unaonyesha huna imani." Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini wanakosea, tena wanaumiza.

Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, ni kipindi cha kungoja. Ingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, jirani na bandari: padre amevaa zambarau, na ule wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili hizo, unasubiri Noeli.

Sikiliza na masomo yake. Yohana Mbatizaji, aliyemtangaza Masiha mbele ya watu, sasa yuko gerezani. Anawatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" (Mathayo 11:3). Yesu hakumkemea. Aliwatuma wakamsimulie waliyoyaona, vipofu wanaona na maskini wanahubiriwa habari njema, kisha akamsifu mbele ya umati. Na Yohana hakutoka gerezani. Aliuawa humo humo. Hili tusiliruke, maana wapo wanaoahidiwa kwamba wakiomba kwa bidii mambo yatanyooka kabla ya mwaka kwisha.

Basi yule mama asiyeweza kuimba na kwaya, kaa naye kwenye benchi. Akikosa maneno, msomee Zaburi ya 13. Inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini", nayo ni sala halali kabisa.