Mapinduzi ya Kapp, 1920: bunduki zilipokosa wa kuzitii

Jina la Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani hapa katika Vita Kuu ya Kwanza, si geni Afrika Mashariki. Tunalikumbuka kwa vita vya Tanga, na zaidi kwa wapagazi wasio na idadi waliofia njiani na mizigo ya jeshi lake. Wachache wanajua kwamba Machi 1920, akiwa kamanda huko Schwerin, kaskazini mwa Ujerumani, aliunga mkono jaribio la kuipindua serikali ya nchi yake mwenyewe. Jaribio hilo ndilo lililomtoa jeshini.

Chanzo kilikuwa Mkataba wa Versailles, mkataba wa amani wa baada ya vita hivyo, ulioitaka Ujerumani ibaki na askari 100,000 tu. Serikali ilipoamuru kikosi cha wanamaji cha Hermann Ehrhardt kivunjwe, Jenerali Walther von Lüttwitz, kamanda wa majeshi ya Berlin, alikataa. Asubuhi ya Machi 13 kikosi hicho kiliingia Berlin, kofia za chuma zikiwa zimechorwa swastika, na Wolfgang Kapp, mwanasiasa wa mrengo wa kulia, akajitangaza kansela, yaani mkuu wa serikali. Hans von Seeckt na majenerali wengine hawakukubali kuwapiga risasi askari wenzao. Rais Friedrich Ebert na mawaziri wake wakakimbilia Dresden, kisha Stuttgart.

Kapp alikuwa na bunduki, lakini hakuwa na wa kumfanyia kazi. Vyama vya wafanyakazi viliitikia wito wa mgomo, na watu wapatao milioni 12 wakaweka zana chini. Berlin, tramu zilisimama, umeme na gesi vikakatika, magazeti hayakutoka. Wizarani, makarani na wakuu wa idara hawakupokea amri zake. Alipotaka fedha za kuwalipa askari, maofisa wa Benki Kuu walimjibu kwa utaratibu wa kila siku: hati haina saini halali, fedha haitoki. Kwa maoni yangu, mapinduzi yalifia pale dirishani. Machi 17 Kapp alijiuzulu, akakimbilia Sweden.

Kinachouma ni yaliyofuata. Wafanyakazi wa Ruhr, eneo la viwanda na migodi magharibi mwa Ujerumani, walioshika silaha dhidi ya Kapp walivamiwa na jeshi lilelile lililokataa kuilinda serikali, na zaidi ya 1,000 wakauawa. Mahakamani, kati ya vinara wa mapinduzi, ni Traugott von Jagow, waziri wa mambo ya ndani wa Kapp, peke yake aliyehukumiwa, kifungo cha miaka 5. Watu wa Ehrhardt waliunda kundi la siri, wakamuua Matthias Erzberger, aliyekuwa waziri wa fedha, mwaka 1921, na mwaka 1922 wakamuua Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje.