Je, wajua kwa nini chante, chantes na chantent husikika vilevile?

Mwombe Mfaransa akusomee "Leur fille chante", yaani binti yao anaimba. Kisha akusomee "Leurs filles chantent", mabinti zao wanaimba. Fumba macho usikilize: hutasikia tofauti yoyote. Kwenye karatasi wingi umeonyeshwa mara tatu, kwenye leurs, kwenye filles na kwenye chantent. Mdomoni haupo hata mara moja. Watoto waliozaliwa na Kifaransa nao hupoteza alama za imla kwa sababu ya hiyo -ent.

Mwanafunzi mgeni hukutana na jambo hili mapema sana, pale anapopewa jedwali la vitenzi vya kawaida katika wakati uliopo. Chukua chanter, kuimba. Ondoa -er ubaki na shina chant-, kisha ubandike viishio: je chante (mimi), tu chantes (wewe), il chante au elle chante (yeye), nous chantons (sisi), vous chantez (ninyi), ils chantent au elles chantent (wao). Ukihesabu kwa macho utapata maumbo matano. Ukihesabu kwa masikio ni matatu tu, maana chante, chantes na chantent zote hutamkwa takriban "shant", ile n ikipitia puani. Nous na vous peke yao ndio wenye kiishio kinachosikika.

Basi herufi hizo nyingine za nini? Jibu fupi ni kwamba zamani zilitamkwa. Jibu refu ndilo tamu, na limejificha kwenye mkazo wa sauti.

Kifaransa kimetokana na Kilatini kilichozungumzwa na watu wa kawaida katika nchi ya Galia, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Ufaransa ya leo. Kuimba kwa Kilatini ni cantare, na wakati uliopo wake ni canto, cantas, cantat, cantamus, cantatis, cantant. Maumbo sita, hakuna linalofanana na jingine. Aliyesema cantant hakuwa na haja ya kutaja "wao", kwa kuwa kiishio kilikwisha kusema. Sasa angalia mkazo ulipoangukia. Katika canto, cantas, cantat na cantant uliangukia shina: CAN-to, CAN-tas, CAN-tat, CAN-tant. Katika cantamus na cantatis uliangukia kiishio: can-TA-mus, can-TA-tis. Hizo ni nafsi mbili zilezile ambazo hadi leo kiishio chake kinasikika.

Kilichotokea Galia ni kwamba silabi zisizo na mkazo mwishoni mwa neno zilidhoofika karne baada ya karne. Irabu a ilipungua ikawa e hafifu, na irabu nyingine nyingi zikafutika kabisa. Cantas ikawa chantes. Cantat ikawa chantet, halafu t ikaanguka ikabaki chante. Canto ilipoteza o yake yote, na ndiyo sababu maandishi ya Kifaransa cha kale yana je chant, bila e. Hiyo e tunayoiandika leo iliongezwa baadaye ili nafsi ya kwanza ifanane na wenzake. Mwishowe hata e hafifu yenyewe ikanyamaza katika usemi wa kawaida wa Paris, na konsonanti za mwisho nazo zikanyamaza. Kusini mwa Ufaransa wazungumzaji wengi bado huitamka e hiyo, nayo katika ushairi wa mapokeo huhesabiwa kuwa silabi inapofuatwa na konsonanti.

Viishio vya nous na vous vilinusurika kwa sababu vilibeba mkazo. Ni kweli kwamba -ons haikutoka moja kwa moja kwenye -amus, lakini mahali pa mkazo hapakuhama.

Mkazo huohuo unaeleza jambo jingine linalowasumbua wanafunzi: kwa nini shina hubadilika katika baadhi ya vitenzi vya -er. Tunaandika j'achète (ninanunua) lakini nous achetons, j'appelle (ninaita) lakini nous appelons. Katika je, tu, il na ils, kiishio kiko kimya, kwa hiyo irabu ya mwisho ya shina ndiyo inayobeba sauti nzima, na lazima itamkwe wazi. Katika nous na vous kiishio kimechukua mzigo huo, na irabu ya shina inalegea. Zamani tofauti za namna hii zilikuwa nyingi zaidi. Kifaransa cha kale kilisema il aime (anapenda) lakini nous amons, hadi watu walipolisawazisha shina wakasema aimons. Neno amant, mpenzi, limeitunza ile a ya zamani. Nous mangeons (tunakula) na nous commençons (tunaanza) ni suala jepesi zaidi: e na ç zimewekwa ili g na c zisisomwe kwa sauti ngumu mbele ya o.

Kwa nini basi maandishi hayakufuata mdomo? Waandishi na makarani walikuwa wasomi wa Kilatini, na herufi za mwisho ziliwaonyesha nafsi na wingi kwa macho. Académie française, taasisi ya lugha ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 1635, ilitoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1694 na humo ikashikilia tahajia ya mapokeo. Kufikia hapo sauti nyingi za mwisho zilikuwa zimekwisha kupotea.

Lakini lugha haikubali kumwacha msikilizaji gizani. Viishio vilipofifia, kazi ya kuonyesha nafsi ilihamia mwanzoni mwa kitenzi. Mhispania na Mwitaliano hadi leo wanaweza kusema kitenzi peke yake, kwa sababu viishio vyao vingali vinasikika. Mfaransa hawezi, lazima atangulize je, tu, il. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo naona walimu wengi hawaitumii. Je ya Kifaransa hufanya kazi kama ni- yetu: haisimami peke yake. Ukiuliza nani anaimba, Mfaransa hajibu "je", hujibu "moi", kama sisi tunavyojibu "mimi" na si "ni". Naye husema "moi, je chante" kama tusemavyo "mimi ninaimba". Kwa hiyo kariri je chante kama kitu kimoja, kuanzia mbele. Ukikariri orodha ya -e, -es, -e peke yake, unakariri kitu ambacho sikio halitakisikia kamwe.

Katika mazungumzo hali imesonga mbele zaidi. Watu wengi badala ya nous chantons husema on chante, on ikiwa na maana ya "sisi", na hapo kinachobaki ni maumbo mawili tu ya kusikika: chante na chantez.

Vitenzi vya makundi mengine mawili, la -ir na la -re, vina nafuu yake. Katika finir, kumaliza, il finit husikika "fini" na ils finissent husikika "finis", kwa hiyo wingi una sauti. Kipande -iss- kimetoka kwenye -sc- ya Kilatini, iliyotumika kuonyesha jambo linaanza, kama florescere, kuanza kuchanua. Maana hiyo ilipotea ndani ya finir, ingawa vitenzi kama rougir, kuwa mwekundu, na vieillir, kuzeeka, vimo katika kundi hilohilo. Kwa vendre, kuuza, il vend huficha d yake na ils vendent huitoa.

Hata hivyo kundi la -er ndilo kubwa, takriban 90% ya vitenzi vyote, na ndilo linaloendelea kuzaa: téléphoner, cliquer, googler. Kati ya vitenzi vyake vyote, aller, kwenda, ndicho pekee kinachovunja kanuni katika wakati uliopo. Mara chache sana kitenzi kipya hukwepa kundi hili, kama alunir, kutua mwezini, kilichoundwa katika karne ya 20 kwa kuiga atterrir, kutua ardhini.

Na ile t iliyoanguka kwenye chantet? Ukiuliza swali kwa kugeuza mpangilio, unaandika "chante-t-il?" na t inasikika vizuri kabisa. Wengi hudhani ni t ya Kilatini iliyorudi. Siyo. Watu walizoea kuisikia katika est-il, finit-il na vend-il, ambako d ya vend husomwa t, wakaiweka hata mahali ambapo kitenzi chenyewe hakikuwa nayo tena.